Ema Pendin Anataka Kitanda cha Dirishani

Nimeshasema mara tatu kwamba mimi si mtu wa kuandika, na mara tatu mmenijibu, "Andika tu, bibi, kama unavyosema." Kama ninavyosema! Kusema hakuhitaji miwani. Vidole vyangu vimekunjamana, kalamu mliyonipa inatapika wino, na mwenye habari yenyewe, Nasta Petrunyak, yu hai na mdomo anao. Mngemwuliza yeye. Mnasema akisimulia mwenyewe anajipendelea. Haya. Mimi sitampendelea.

Nasta alikuwa na miaka themanini na mmoja alipoanguka kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake, pale Namba Sita, akiwa amekumbatia mitungi minne ya kabichi ya chumvi. Namba Sita lilikuwa jina la mgodi wa makaa ya mawe. Mgodi ulifungwa, jina likabaki na sisi. Mitungi mitatu ilipasuka, na nyonga yake pia. Gari la wagonjwa lilipofika, kitu cha kwanza alichouliza ni kama ule mtungi wa nne umeshapelekwa ndani.

Hospitali ilimtengeneza nyonga, kisha wakampandisha hapa juu mlimani, kwenye nyumba ya wazee ya kaunti, ajifunze kutembea upya. Ikawa mwezi, ikawa miezi mitatu. Kutembea alijifunza, kwa ile fremu yenye mipira ya tenisi miguuni, lakini ngazi zilimshinda, na nyumba za Namba Sita ni ngazi tupu. Basi akabaki.

Chumba kilikuwa cha kumi na nne. Kitanda cha mlangoni alilala Teresa Dougherty, Mwairishi wa miaka themanini na minne, mwenye ulimi kama wembe mpya. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Nasta. Kutoka dirishani aliuona mlima mweusi wa taka za makaa, na miti ya gome jeupe iliyojiotea juu yake bila kuombwa. Nyuma ya mlima ule aliona kuba la kanisa letu, la umbo la kitunguu, na chini ya kuba, ukijua pa kutazama, aliliona paa la nyumba yake, na kile kiraka cha kijani alichokipiga marehemu mumewe Metro mwaka mmoja kabla mapafu hayajamwisha. Kila asubuhi kabla ya chai Nasta alikagua: kuba, bomba la moshi, kiraka. Vikiwepo vyote vitatu, siku imeanza.

Sasa sikiliza. Siku moja ya Septemba alikuwa anajikokota kurudi kutoka chumba cha kulia, akapita mbele ya meza ya manesi. Walikuwa wanapokezana zamu, mmoja anasoma orodha, mwingine anaandika. Nasta akasikia wazi kabisa:

"Kumi na nne, mlangoni, Dougherty, analipa mwenyewe. Kumi na nne, dirishani, Ema Pendin."

Alisimama hapo hapo. Kumi na nne dirishani ni yeye. Tangu lini akawa Ema Pendin?

Aliingia chumbani bila kuvua sweta. "Teresa! Kuna mwanamke anakitaka kitanda changu."

"Nani huyo mwenye bahati mbaya?"

"Ema Pendin. Ameshaandikwa. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Kwa sikio lako, sema. Lile la kushoto lilikufa zamani kule kiwanda cha mashati." Teresa aliweka rozari chini, maana jambo lilikuwa limenoga. "Pendin. Pendin... Si wetu huyo. Na wenu wote majina yenu ni kama mtu anapiga chafya."

"Si wetu."

"Pen. Pendri, Penri, Pengeli. Ni kina nani wanaoanza na Pen?" Teresa alipiga paja. "Nasta wee! Huyo ni Mwelshi!"

Wakatazamana. Kwa mtu wa mahali pengine hili si kitu. Lakini katika migodi yetu Wairishi na watu wetu, sisi wa Ulaya ya mashariki, walikwenda chini na sururu, na Wawelshi ndio waliokuwa wasimamizi, na leseni zao na saa zao za mfukoni. Baba yake Teresa alipigiwa kelele na Mwelshi miaka ishirini. Metro alikatwa nusu ya mshahara na Mwelshi kwa sababu ya jiwe moja ndani ya behewa la makaa.

"Binti wa msimamizi," alisema Nasta.

"Au mjukuu. Amezeeka sasa, amechungulia, ameona dirisha zuri ni la mwanamke wa makuba ya vitunguu. Unafikiri atalala mlangoni?"

Tangu siku hiyo Nasta hakuwa na lingine. Mlo wa kumalizika dakika kumi na tano aliukalia saa nzima, ametega sikio lile zima upande wa meza ya manesi. Mazoezi ya mguu, ambayo alikuwa akiyakimbia, sasa aliyaomba, mradi wampitishe korido ndefu. Alichungulia vyumba vyote akimtafuta mwanamke mwenye sura ya Kiwelshi. Teresa alimwuliza sura ya Kiwelshi ikoje. Nasta akasema ukiiona utaijua.

Na habari alizorudi nazo zilizidi kuwa za ajabu.

"Chumba cha sita pia ni Ema Pendin," alisema siku ya pili.

"Wawili?"

"Na cha ishirini na mbili, kote kuwili, mlangoni na dirishani."

Teresa alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Mwenzangu, huyu mwanamke ana makalio mangapi?"

Siku ya tatu alisikia, "Kovalchick? Huyo analipiwa na Ema tangu Julai." Hapo hapo akaenda kumtafuta mzee Kovalchick, ambaye alikuwa anacheza karata peke yake na bado anajiibia.

"Ema alikupendea nini wewe?" Nasta alimwuliza bila hata salamu.

"Ema yupi?"

"Usinifiche. Anakulipia tangu Julai."

Mzee alikuna kidevu. "Mimi sijamwona mtu. Walichukua karatasi zangu tu. Kitabu cha benki, cheti cha ndoa, cha kuzaliwa. Halafu wakaniuliza kama nina mashua."

"Mashua?"

"Kama ninamiliki mashua."

"Hapa milimani?"

"Ndivyo nilivyowaambia."

Nasta alirudi polepole, anafikiri. Kwa hiyo Ema ni tajiri. Anawalipia wengine, anawapokonya wengine, na anataka kujua nani ana mashua. Kwa nini mashua? Kama ana fedha za kununua vitanda vinne, mashua ya mzee Kovalchick ya nini? Aliliwaza hilo hata wakati wa jeli ya kijani, ambayo kwa kawaida alikuwa anaiwazia matusi.

Lakini Jumatatu mzaha uliisha. Yule bwana wa chumba cha tisa, mpole, aliyekuwa anawatupia ndege makombo, alitolewa na sanduku lake moja. Mpwa wake alikuja kumchukua, hana raha. Mezani manesi walinong'ona, "Amekataliwa na Ema. Karatasi hazikutimia." Nasta alimwona yule bwana akigeuka kulitazama dirisha lake.

Sasa lipo jambo ambalo sijalisema, na Nasta asingelisema kamwe. Chini kule ofisini kulikuwa na mama mmoja, Lorraine Bensinger, mwenye kalamu mbili nywelani ambazo daima alikuwa anazitafuta mezani. Huyu Lorraine alishakuja chumba cha kumi na nne mara tatu tangu Agosti.

"Bi Petrunyak, nahitaji zile karatasi. Kitabu cha benki, hati ya nyumba, cheti cha kifo cha mzee. Binti yako alianza maombi kwa simu kutoka New Jersey, lakini hizo unazo wewe."

"Za nini?"

"Za Ema."

Nani angempa? Agosti hakumjua huyo Ema, sasa amemjua. Hati ya nyumba yake, kiraka cha kijani na vyote, akampe Mwelshi? Nasta alikuwa anakaza shingo na kutazama dirishani mpaka Lorraine aondoke. Na barua alizomwachia au kumtumia, bahasha nne za kahawia, Nasta hakuzifungua. Alizishonea ndani ya bitana ya koti lake la kanisani, pamoja na kitabu cha benki na hati na cheti, kwa mshono wa kola, mdogo mdogo, usioonekana. Miaka thelathini na minne alishona kola katika kiwanda cha mashati. Koti lile lilikuwa kabati lake la chuma.

Alhamisi Lorraine alikuja mara ya nne, akasimama mlangoni. Safari hii hakuwa na tabasamu.

"Mama, mwisho ni kesho saa kumi. Ofisi ya kaunti ikifungwa bila karatasi za Ema, maombi yanatupwa. Mimi sitaki ufike huko. Yule bwana wa tisa nilimbembeleza hivi hivi."

Alipoondoka, Teresa aliinuka akakaa kitandani. Akasema, "Nenda ukamwone huyo Ema uso kwa uso. Baba yangu alikuwa anasema Mwelshi ukimtazama machoni anapungua."

Ijumaa saa nane mchana Nasta alifunga kitambaa cha maua, kile cha Pasaka, akavaa koti lake ndani ya joto lile la mvuke, akasukuma fremu yake korido nzima mpaka ofisini. Hakubisha hodi.

"Nimekuja kumwona Ema."

Lorraine aliinua kichwa. "Ema yupi, mama?"

"Usinichezee, binti. Ema Pendin. Yule Mwelshi."

Lorraine alitazama huku na huku, kama mtu anayedhani labda kweli yupo nyuma ya kabati. "Hapa hakuna Ema Pendin."

"Hayupo leo, au amekukataza kusema?"

"Mwelshi?"

"Anayetaka kitanda changu! Na cha chumba cha sita, na viwili vya ishirini na mbili. Na bwana wa tisa amemfukuza. Mwambie atoke. Mimi sina mashua, lakini nina maneno naye."

Lorraine alianza kuwa mwekundu shingoni, wekundu ukapanda mpaka masikioni. Nitampa haki yake: hakucheka. Aliuma mdomo wa chini, akaenda kabatini, akaleta faili, akaliweka mbele ya Nasta. Juu ya jalada kulikuwa na maandishi makubwa ya wino mwekundu.

"Nisomee hapa, mama."

Nasta alitazama ukuta. Palikuwa na kalenda ya kampuni ya mazishi, yenye picha ya daraja kwenye theluji.

"Miwani nimeisahau chumbani," alisema.

Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani mwake kwa kamba. Lorraine aliiona. Akaanza kutafuta kalamu yake.

Miaka thelathini na minne kiwandani hakuna aliyejua. Saizi za mashati alizijua kwa rangi ya uzi. Fomu alikuwa anampelekea Metro nyumbani, na baada ya Metro, binti yake. Utotoni mwimbishaji wa kanisa alimfundisha herufi za kanisani, za lugha ya kwetu, kule chini ya kanisa, penye baridi, akazijua zote. Kisha alipojaribu za Kiingereza akaona zinamdanganya: yao ya P kwake ni R, yao ya H kwake ni N. Aliona ni utapeli, akaziacha. Alikuwa na miaka tisa na tayari hakuambilika.

Lakini Nasta ni mtu wa kutaka kujua. Kama lipo jalada lina jina la Ema, atalitazama. Akatupa jicho. Kisha akainama kidogo. Kisha akavaa miwani, bila hata kukumbuka kwamba ameisahau chumbani.

Herufi mbili. M, ile iliyoandikwa juu ya kichwa cha Bikira kwenye picha zetu zote. Na A, ya kwanza kabisa. Hizi hazikuwa zinadanganya. Hizi zilikuwa zile zile.

"Ma," alisema Nasta. "Imeandikwa Ma."

"Ndiyo, mama. Em, na ei. Ni kifupisho. Msaada wa matibabu wa serikali, ule unaolipia watu nyumba ya wazee akiba yao ikiisha. Sisi tunasema em-ei, em-ei, kutwa nzima, kwa uvivu tu."

"Na Pendin?"

"Neno la Kiingereza la maofisini, pending. Maana yake maombi bado yanangoja."

"Yanangoja nini?"

Lorraine alipata ile kalamu nywelani. "Wewe, mama."

Nasta alikaa kwenye kiti cha wageni, fremu yake mbele yake kama uzio. Alifikiri, midomo ikicheza. "Kwa hiyo Ema Pendin ni mimi."

"Ni wewe. Na wa sita, na wale wawili wa ishirini na mbili."

Ungedhani yameisha. Sivyo, humjui Nasta. Alishika fremu, akainuka.

"Msaada wa serikali," alisema. "Kwaheri."

"Mama..."

"Wakati wa mgomo mrefu walileta jibini la serikali kwa lori, pale kituo cha zimamoto. Namba Sita yote ilipanga foleni. Mimi nilifunga pazia. Tulikula viazi, tukala maganda ya viazi, lakini pazia sikufungua. Afadhali angekuwa Mwelshi. Mwelshi ningegombana naye."

"Mama yangu alikuwa kwenye foleni ile," Lorraine alisema, bila kuinua sauti. "Jibini lile ndilo lililonilea."

Nasta hakulitazamia hilo. Alibaki amesimama, lakini hakwenda. Na kwa kuwa hakwenda, akauliza, maana kunyamaza hawezi.

"Hiyo hela inatoka kwa nani?"

"Jimbo, na Washington. Ni kodi."

"Kodi ya nani?"

"Ya kila mtu. Hata yako, ulipokuwa kiwandani. Walikuwa wanakata kila wiki."

"Walikuwa wanakata," Nasta alikubali. "Nilidhani zinaliwa."

"Nyingine zinaliwa. Nyingine ndiyo hizi."

"Na pensheni yangu?"

"Inaingia kwenye malipo ya hapa. Wewe unabakiziwa dola thelathini za mfukoni kila mwezi. Panapopunguka, serikali inajaza."

"Kwa hiyo nalipa."

"Unalipa unachoweza, na..."

"Kwa hiyo nalipa," alirudia Nasta, akaketi. "Wao wananijazia. Ungesema hivyo tangu Agosti badala ya kuniletea mambo ya Ema."

Alivua koti, akaligeuza nje ndani mapajani. Mkasi wazee hawaruhusiwi. Akaukata uzi kwa meno, yale mawili yaliyobaki ya kazi, akafumua mshono kwa ukucha, polepole, maana ulikuwa mshono mzuri na ulimwuma. Kitabu cha benki. Hati. Cheti cha Metro. Na bahasha nne za kahawia, hazijaguswa. Lorraine alizitazama zile bahasha, akaziweka kando bila kuuliza.

Waliijaza fomu pamoja, Lorraine akisoma kwa sauti kila mstari.

"Unamiliki mashua?"

"Nilikuwa nakungoja ufike hapo. Wanataka za nini?"

"Sijui, mama. Ni mwaka wa kumi na moja nauliza."

"Andika hapana. Andika na mto hatuna."

Kisha Lorraine alisimama kidogo kwenye swali moja. "Una nia ya kurudi nyumbani kwako?"

Dirisha la ofisi linatazama maegesho ya magari. Kiraka hakionekani kutoka pale. Nasta alisugua nyonga yake. "Hilo linahusu nini?"

"Ukiwa na nia, nyumba haihesabiwi kama mali. Inabaki yako."

"Andika ndiyo."

"Mama, zile ngazi..."

"Umeuliza nia. Hukuuliza nyonga."

Lorraine akaandika ndiyo.

Mwisho akamwonyesha mahali pa sahihi, akamwambia taratibu kwamba wengine huweka alama ya msalaba tu, na mashahidi wawili. Nasta alimkata jicho. Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi za kanisani, moja moja, kama alivyofundishwa kwenye ile baridi. Ilichukua muda. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu.

"Watauliza huu ni mwandiko gani," alisema Lorraine.

"Waambie wajifunze."

Lorraine alikimbilia gari lake, kalamu zote mbili nywelani, akateremka mlima. Alifika ofisi ya kaunti zikiwa zimebaki dakika sita. Mambo ya barabarani namwachia yeye na polisi.

Wiki saba Nasta alikaa dirishani akikagua kuba, bomba la moshi, kiraka. Theluji ikaanguka, kiraka kikapotea, akakasirika. Siku moja Lorraine alisimama mlangoni, barua ya kukubaliwa mkononi.

"Bi Petrunyak, Ema amefika."

"Mwambie afute viatu," Teresa alisema kutoka kitandani kwake.

Nasta aliomba asomewe barua nzima, hata namba za simu za chini, hata ile sehemu ndogo inayosema usipokubaliana unaweza kukata rufaa. Alisema anakubaliana, ila alitaka kujua rufaa hukatwa vipi, kama itamjia hamu.

Na tangu hapo ameingiwa na ugonjwa. Anatafuta herufi ambazo hazidanganyi. Ameshazikusanya sita: M, A, T, O, K, E. Asubuhi moja alisimama mbele ya ubao wa chakula mpaka watu wakapanga foleni nyuma ya fremu yake, kisha akasoma kwa sauti ya kanisani: "TO-MA-TO." Supu ya nyanya. Neno zima la Kiingereza, bila herufi moja ya utapeli. Alikula bakuli mbili, na supu ya hapa si ya kula bakuli mbili.

Akija mgeni, na nesi akisoma orodha, Nasta huenda kumtembelea kabla hata sanduku halijafunguliwa. Humwambia, "Utasikia habari za Ema Pendin. Usiogope. Ni wewe. Toa karatasi."

Haya, nimemaliza, na vidole vimekufa. Sasa zamu yako. Wewe uliyefika hapa unazijua herufi zote, hata zile zinazodanganya. Basi inuka uende kwa mzee wako. Usimwulize kama ana barua ambayo haijafunguliwa, atakuambia hana. Inua godoro. Papasa bitana ya koti. Ukiikuta, kaa chini umsomee yote kwa sauti, usikimbie, na usimpigie kelele, si kiziwi. Na popote utakapokuta herufi mbili zimesimama peke yake, mtajie neno zima.